Shajara ya mradi: kuanzisha kitengo cha utafiti kwenye hospitali ambayo haijawahi kuwa na mtafiti

Naiweka hapa kwa yeyote anayetaka kuiga, na nitakuwa naongeza kila hatua ikiisha. Mradi ni huu: hospitali ya ngazi ya wilaya, wagonjwa wengi, rejesta zimejaa makabati, ijiulize swali lake yenyewe, ipate kibali, ikusanye data, ichambue na iandike makala bila data kupandishwa ndege kwenda kuchambuliwa kwingine halafu sisi tunaletewa shukrani mwishoni mwa makala. Hatujengi jengo, hatununui mashine.

Kwa wasiojua haya mambo yalianzia wapi, mwaka 1990 Tume ya Utafiti wa Afya kwa Maendeleo ilitoa ripoti ikasema kama asilimia 5 tu ya hela za utafiti wa afya duniani ndo zilikuwa zinaenda kwenye matatizo ya nchi zinazoendelea, wakati nchi hizo hizo zilikuwa zinabeba asilimia 93 ya mzigo wa vifo vinavyoweza kuzuilika. Wakapendekeza kila nchi itenge angalau asilimia 2 ya matumizi yake ya afya. Sasa watu wengi wanaisoma hiyo asilimia 2 kama hela ya tafiti peke yake, ila tume ilisema utafiti pamoja na kujenga uwezo wa kuufanya, na hicho kipande cha pili ndo kila mtu anakiruka. Shajara hii ni ya hicho kipande cha pili.

Machi 2023: kutafuta swali

Tulianza na kikao cha wakuu wa idara, kila mtu alete mada. Kikafeli vibaya. Zilikuja mada kubwa kubwa zinazofanana na matangazo ya wafadhili, malaria, kisukari, usugu wa dawa, hamna hata moja ambayo jibu lake lingebadilisha kitu hapa kwetu wiki inayofuata.

Tukabadilisha. Tukaweka daftari la kawaida kwenye kila wodi na maabara, juu yake imeandikwa: andika uamuzi ulioshindwa kuufanya leo kwa sababu hukuwa na jibu. Mengi yaliyoandikwa yalikuwa malalamiko ya vifaa na posho (tulitegemea), ila ndani yake yakapatikana maswali ya kweli. Lililoshinda liliandikwa na mtu wa maabara, kwamba anapima makohozi ya TB, majibu yanatoka, halafu karatasi zinakaa kwenye trei na hamna anayekuja kuzichukua. Mashine ya GeneXpert, ambayo WHO iliiidhinisha mwaka 2010, inatoa jibu ndani ya masaa mawili hivi. Sasa kama mashine inamaliza kazi kwa masaa mawili na mgonjwa mwenye TB bado hajaanza dawa wiki kadhaa baadae, hizo wiki zimeenda wapi?

Uzuri wa swali hili ni kwamba data ipo tayari. Kuna rejesta ya wahisiwa (watu wanaohisiwa kuwa na TB), rejesta ya maabara na rejesta ya matibabu. Ukizioanisha zote tatu unaona mtu amepotelea hatua gani. Gharama mpaka hapa ni madaftari tu na uvumilivu.

Mei 2023: andiko na kibali cha maadili

Andiko lenyewe, yaani mpango wa utafiti ulioandikwa, halikuwa tatizo, tatizo ni kamati. Hospitali ilikuwa na kamati ya maadili ya utafiti kwenye makaratasi, ina barua za uteuzi na muhuri, ila haikuwa inakaa kwa sababu hamna mtu ambaye kazi yake ni kuitisha kikao, kupokea maandiko, kuyagawa kwa wasomaji na kufatilia majibu. Watu wote kwenye kamati wana kazi zingine. Kwa hiyo andiko linakaa kwenye meza ya mtu hadi anasahau lipo.

Suluhisho lilikuwa kumlipa katibu nusu ya muda na kufunga tarehe ya kikao kila mwezi, liwepo andiko lisiwepo. Ndo hela ya kwanza ya maana tuliyotumia, na mpaka leo naona ndo iliyotumika vizuri kuliko zote. Mfadhili wetu mdogo aliuliza kwanini tunalipa katibu wakati hatujanunua hata kompyuta. Tukamjibu kwamba kompyuta bila kibali ni ya kuangalizia mpira.

Kamati walilirudisha andiko kwa jambo moja zito. Tuliomba tusichukue ridhaa ya mgonjwa mmoja mmoja kwa sababu tunasoma rejesta za nyuma na wengi hatuwezi kuwapata. Hilo linaruhusiwa, mwongozo wa 10 wa CIOMS (baraza la kimataifa la mashirika ya sayansi ya tiba) wa mwaka 2016 unaweka masharti matatu: utafiti usiwezekane kivitendo bila msamaha huo, uwe na manufaa makubwa kwa jamii, na hatari kwa wahusika iwe ndogo kabisa. Mawili ya kwanza tulipita. La tatu wakasema hapana, faili lenu lina majina, na mtu akijulikana ana TB hiyo siyo hatari ndogo. Walikuwa sahihi kabisa. Lakini majina tunayahitaji ili kuoanisha rejesta! Tukakubaliana hivi: majina yanakaa kwenye faili la peke yake, kwenye kompyuta isiyounganishwa na intaneti, anayelishika ni mtu wa takwimu wa hospitali na siyo mtafiti, na uoanishaji ukiisha wachambuzi wanapewa faili lenye namba tu. Mkiiga, andikeni hiki kipengele tokea mwanzo.

Julai 2023: mafunzo

Semina ya kwanza ilikuwa ya siku tano kwenye ukumbi, mwezeshaji mzuri, slaidi nzuri, posho, cheti. Baada ya hapo hamna kilichotoka. Sio kwamba watu hawakuelewa, ni kwamba hakuna aliyedaiwa kitu. Hapo ndo ilienda kama theluthi ya hela ya mafunzo.

Tukahamia kwenye mtindo wa SORT IT, mafunzo ya utafiti kwa vitendo yanayoratibiwa na TDR (programu ya utafiti wa magonjwa ya kitropiki) kule WHO, ambayo yalianzishwa 2009 na The Union (shirika la kimataifa la kupambana na TB) pamoja na Médecins Sans Frontières. Wenyewe wanagawa mafunzo kwa awamu tatu, ya kwanza unatoka na andiko, ya pili unatoka na mpango wa data na uchambuzi, ya tatu unatoka na makala, na katikati kuna tarehe za mwisho. Ukikosa tarehe unatoka. Hakuna kubembelezana.

Tuliichukua kama ilivyo ila tukabadili washiriki. Badala ya madaktari watupu tukaweka muuguzi mmoja, mtu wa maabara, karani wa data na mhasibu wa ruzuku. Ndio, mhasibu, nitaeleza huko mbele. Daktari mmoja mkubwa alikosa tarehe ya awamu ya kwanza, tukamtoa, na kwa muda hali ya hewa kwenye korido haikuwa nzuri. Lakini baada ya hapo hakuna aliyechelewesha kitu, kila mtu aliona kumbe wanamaanisha.

Ziada za bure tulizotumia: kozi za mtandaoni za The Global Health Network, na Hinari kwa majarida, ambayo WHO iliianzisha 2002 na taasisi za nchi zenye kipato kidogo zinaingia bure au kwa ada ndogo. Hospitali ilikuwa na haki ya Hinari siku zote, paswedi ilikuwa kwa mtu aliyeshastaafu.

Novemba 2023: data (hapa someni taratibu)

Hii sehemu ndo ilitula muda kuliko zote, na ndo ambayo makala za watu huwa zinaimaliza kwa sentensi moja, "data ziliingizwa na kusafishwa".

Tuliingiza kwa EpiData, ni bure, haihitaji intaneti, na inakubali uingizaji wa mara mbili, yaani makarani wawili wanaingiza rejesta ile ile kila mtu kivyake halafu programu inalinganisha. KoboToolbox na REDCap ni nzuri pia ila kwa kunakili rejesta za zamani kutoka kwenye karatasi EpiData ilitosha.

Tatizo la kwanza, namba za maabara. Rejesta ya maabara inaanza namba 1 kila Januari. Tulivyounganisha miaka miwili kwenye faili moja, mgonjwa namba 147 akawa watu wawili, mwanaume mzee na binti, na programu ikawaoanisha kwa furaha kabisa. Dawa yake ni rahisi, weka mwaka mbele ya namba. Ila kuna mtego ndani yake, sampuli iliyochukuliwa tarehe za mwisho za Desemba ikapimwa Januari ina mwaka mmoja kwenye rejesta ya wahisiwa na mwaka mwingine maabara. Hao ikabidi tuwatafute kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa.

La pili, tarehe. Mtu mmoja aliamua "kurahisisha" kwa kupitisha faili kwenye Excel, kompyuta ikiwa imewekwa mpangilio wa Kimarekani, basi 03/04 yetu ya tarehe tatu mwezi wa nne ikawa Machi 4, na 25/04 ikashindikana kusomeka ikabaki kama maandishi. Ubaya wake ni kwamba nusu ya tarehe zinabadilika kimyakimya na nusu zinabaki, kwa hiyo huoni kosa, unaona tu wagonjwa wanaoanza dawa kabla ya kupimwa. Sasa hivi siku, mwezi na mwaka ni visanduku vitatu tofauti, na Excel imepigwa marufuku mpaka uchambuzi uishe.

La tatu aliligundua karani. Alikuja akaniambia, "Dokta, wazee wetu wamekuwa wengi sana." Kwenye mwongozo wa kuingiza data tuliandika umri usiojulikana uwekwe 99, na wastani wa umri ukapanda kwa sababu programu haijui 99 ni "sijui", inajua ni bibi wa miaka 99. Na kibaya zaidi kulikuwa na bibi mmoja wa kweli wa miaka 99, tulimpata kwenye rejesta ya matibabu. Tumehamia kwenye 999, ambayo hakuna binadamu anaifikia, na imetangazwa kwenye programu kama thamani inayokosekana.

La nne ni namba ya mshiriki kwa wagonjwa wapya, maana kuanzia hapa tuliongeza sehemu ya kuwafatilia wanaokuja. Namba inanakiliwa na watu watatu kwa mkono, lazima kuna siku mtu atageuza tarakimu. Kwa hiyo tukaongeza tarakimu ya ukaguzi mwishoni. Tulianza na ile ya Luhn, inayotumika kwenye kadi za benki, inakamata kosa la tarakimu moja na mageuzo mengi ya tarakimu zinazofuatana ila haioni 09 ikigeuka kuwa 90. Namba zetu zinaanza na namba ya kituo, 01 mpaka 09. Ndo shimo lenyewe hasa! Tukaenda kwenye uzito na kugawa kwa 11, kama ISBN za zamani, zile namba za vitabu. Mfano namba 0917: zidisha 0 kwa 5, 9 kwa 4, 1 kwa 3, 7 kwa 2, jumla 53, ili ifike 55 inayogawanyika kwa 11 unaongeza 2, namba inakuwa 0917-2. Mtu akiandika 9017-2 jumla inakuja 64, haigawanyiki, programu inakataa papo hapo wakati mgonjwa bado yuko mezani. Ikitokea tarakimu ya ukaguzi ni 10 namba hiyo tunairuka, hatuitumii kabisa. Tulichapisha namba zote kwenye stika mapema kwa hiyo hakuna anayefanya hesabu hii kliniki.

Gharama za hatua hii: mishahara ya makarani ndo karibu yote. Kwenye bajeti ya kwanza tuliwaandikia nusu ya muda uliotakiwa. Msirudie.

Februari 2024: friza na mhasibu

Habari zikasambaa kwamba tuna rejesta safi, ikaja timu ya chuo kimoja cha nje wanataka kushirikiana, wanataka tuhifadhi sampuli, na wanaleta friza ya nyuzi joto hasi 80 bure. Bure. Ngoja niwaambie bure inakuwaje. Friza ya aina hiyo inatoa joto jingi, kwa hiyo chumba kinataka kiyoyozi kinachofanya kazi masaa 24. Umeme ukiyumba kompresa inaungua, kwa hiyo stabilaiza. Umeme ukikatika usiku, jenereta lazima liwake lenyewe maana mlinzi hawezi kujua, kwa hiyo swichi ya kujiendesha, na kengele ya joto inayopiga simu ya mtu, na huyo mtu alipwe kwa kuamka. Na friza ya pili iliyo tupu, iliyopoa tayari, ya kuhamishia ile ya kwanza ikifa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa kwenye barua yao.

Hapa ndo mhasibu alipolipa ada yake ya mafunzo. Alichukua andiko lao akauliza gharama zisizo za moja kwa moja ziko wapi, yaani umeme, ulinzi, uhasibu, intaneti, jengo. Ruzuku za NIH (taasisi ya serikali ya utafiti wa afya) ya Marekani zinaipa taasisi ya nje asilimia 8 tu, wakati vyuo vingi vya Marekani vinajadiliana viwango vyao na vingi vinapata zaidi ya asilimia 50. Programu ya Horizon Europe ya Umoja wa Ulaya inaweka asilimia 25 kwa wote. Kwa hiyo kama asilimia ni ndogo, akasema, vitu hivi vyote visikae kwenye hiyo asilimia, viandikwe kama gharama za moja kwa moja, kila kimoja na mstari wake. Wakaviandika. Tumesubiri miezi kadhaa, baadhi vimekubaliwa, vingine hapana, na friza imekuja na swichi yake.

Kingine tulichogoma ni sampuli kutoka bila mkataba wa uhamishaji wa sampuli unaosema zinatumika kwa nini, zinaharibiwa lini, na nani anaamua kuhusu matumizi mapya. Walikuwa na fomu yao ya kurasa mbili. Kamati (ile yenye katibu) ikaikataa, wakarudi na nyingine. Bila katibu hiyo fomu ingesainiwa siku hiyo hiyo kwenye korido.

Juni 2024: uchambuzi

Fupi. Programu ya takwimu ya kulipia iliisha leseni katikati ya kazi, tukahamia R, programu ya takwimu ya bure. Wiki za kwanza ni mateso ila faida yake ni kwamba kila hatua imeandikwa, karani akirekebisha tarehe moja unaendesha upya yote inajirekebisha.

Matokeo kwa ufupi (takwimu zenyewe zisubiri makala): wengi hawakupotea kati ya kuhisiwa na kupimwa kama tulivyodhani, walipotea kati ya jibu na wodi, na zaidi ni sampuli zilizoletwa karibu na wikendi. Maabara hawakusubiri makala. Jibu likiwa chanya wanampigia muuguzi wa kliniki siku hiyo hiyo, na simu inaandikwa kwenye rejesta. Hii ilianza wiki ileile tuliyowaonyesha jedwali.

Oktoba 2024: makala

Ugomvi wa majina. Tulitumia vigezo vinne vya uandishi vya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba: umechangia kwa kiasi kikubwa kwenye wazo au data au uchambuzi, umeandika au kuihariri makala kwa hoja, umeidhinisha toleo la mwisho, na unakubali kuwajibika kwa yaliyomo. Vyote vinne, sio kimoja. Karani wa data yumo. Mzee mmoja mwenye cheo hayumo, yuko kwenye shukrani, na niseme tu kwamba kikao hicho hakikuwa kifupi. Ushauri: sainini orodha ya waandishi kabla ya data, matokeo yakishapendeza kila mtu anakumbuka kwamba alisaidia.

Orodha ya STROBE, ya mambo ambayo makala ya utafiti wa aina yetu inatakiwa kuyaeleza, ina vipengele 22, tulivipitia kimoja kimoja, nusu ya majibu yalikuwa kwenye mwongozo wa data tayari.

Jarida la kwanza walikataa bila kupeleka kwa wahakiki, wakasema suala letu ni la mahali pamoja. La pili limetufikisha kwa wahakiki. Ada ya uchapishaji tumesamehewa, ila msamaha unaombwa wakati wa kutuma, ukisubiri makala ikubaliwe majarida mengi hawakusikilizi. Na wakati huo huo barua pepe za majarida ya kitapeli zilikuwa zinamiminika, "mtafiti mheshimiwa, tunachapisha ndani ya siku tatu". Tunakagua kwenye DOAJ (orodha ya majarida yanayosomwa bure) kwanza, kisha orodha ya maswali ya Think. Check. Submit.

Februari 2025: hali ilivyo

Karani wetu mzuri ameondoka, mradi mkubwa wa wafadhili umemchukua kwa mshahara ambao hospitali haiwezi kuugusa. Simlaumu hata kidogo. Mafunzo yakifanikiwa mtu anakuwa wa thamani, na mwenye hela anamuona. Tulichofanya ni kwamba kabla hajaondoka alikaa na mrithi wake wakaingiza rejesta moja pamoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kila alipofanya kitu kisichokuwa kwenye mwongozo kikaongezwa. Mwongozo umenenepa sana. Kuanzia sasa kila nafasi ya kitengo ina watu wawili wanaoijua, hata kama mmoja anafanya kwa sehemu ya muda tu, na hilo tumeliingiza kwenye bajeti ya hospitali na siyo ya mfadhili. Menejimenti imekubali katibu wa kamati na karani mmoja. Mhasibu bado analipwa kwa ruzuku, tunaendelea kubishana.

Swali la pili limetoka kwa sista wa wodi ya watoto wachanga: wanaoruhusiwa wakiwa na uzito mdogo, wangapi wanarudi kliniki, na wasiorudi wanakwama wapi. Andiko kaandika yeye mwenyewe, awamu ya kwanza kaimaliza ndani ya tarehe. Kamati wamelirudisha na maswali, mengi ni kuhusu ridhaa ya mama aliye chini ya umri wa kisheria na nani anaruhusiwa kumpigia simu nyumbani, anayajibu kabla ya kikao cha mwezi ujao.